Askari wa Kivu, mfanyakazi wa Riyadh: sera ya nje ya Burundi ikitazamwa kutoka Kabezi

Barabara ya taifa nambari 3, itokayo Bujumbura kuelekea kusini, hupita Kabezi ikiwa imeshikamana na ziwa, kisha huendelea hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama ukingoni huiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Kwa watu wa mwambao huu, nchi za nje si jambo la mbali. Mtumbwi huenda na kurudi, jamaa wako pande zote mbili, na Kiswahili kisemwacho Rumonge hueleweka Uvira, Baraka, Kalemie na Kigoma.

Katika miaka ya karibuni serikali ya Burundi imechukua maamuzi mawili makubwa yanayowagusa watu hawa moja kwa moja. La kwanza limewapeleka askari wa Burundi kupigana mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. La pili limefungua mlango wa kisheria kwa Warundi kwenda kufanya kazi Saudi Arabia, wengi wao wakiwa wanawake wa kazi za nyumbani. Maamuzi hayo husemwa kwa lugha mbili tofauti, moja ya usalama na nyingine ya ajira. Hata hivyo swali lililo chini yake ni moja: dola inapomtuma raia wake nje, au inapomruhusu aende, inabaki na wajibu gani juu yake, na wajibu huo umeandikwa wapi?

Makala hii inaeleza historia ya sera hizo mbili na masharti yake, na mahali ambapo ulinzi wa raia huishia.

Nchi iliyopokea walinda amani kabla ya kuwatuma

Burundi ilianza kama mpokeaji. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulituma nchini humo kikosi kilichojulikana kama AMIB, chenye askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Hiyo ilikuwa operesheni ya kwanza ya kulinda amani kuendeshwa na Umoja huo. Mwaka 2004 Umoja wa Mataifa uliipokea kazi hiyo kupitia ONUB. Wakati huo tarafa za mkoa uliokuwa ukiitwa Bujumbura Vijijini, Kabezi ikiwemo, zilikuwa bado uwanja wa mapigano kati ya jeshi na waasi wa FNL. Makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini Dar es Salaam mnamo Septemba 2006, lakini FNL haikuweka silaha chini na kuwa chama cha siasa hadi mwaka 2009.

Kwa hiyo inashangaza kidogo kuona kwamba mnamo Desemba 2007, vita vya ndani vikiwa havijamalizika kabisa, askari wa kwanza wa Burundi walitua Mogadishu. Walikwenda kuungana na Waganda katika kikosi cha AMISOM. Wachambuzi wengi wameeleza sababu. Jeshi jipya, lililoundwa baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 kwa kuchanganya askari wa zamani na waliokuwa waasi, lilihitaji kazi ya pamoja, mafunzo na vifaa. Serikali ilihitaji heshima katika kanda. Na askari mwenyewe alihitaji kipato ambacho mshahara wa nyumbani haukuweza kumpa.

Idadi ya Warundi Somalia ilifika zaidi ya 5,000, nchi ikiwa mchangiaji wa pili kwa ukubwa baada ya Uganda. Gharama ya damu ilikuwa kubwa. Mnamo Februari 2009 mlipuko wa kujitoa mhanga uliwaua askari 11 wa Burundi mjini Mogadishu. Mnamo Septemba mwaka huohuo makao makuu ya AMISOM yalishambuliwa, na miongoni mwa waliouawa alikuwa naibu kamanda wa kikosi, Jenerali Juvénal Niyoyunguruza. Juni 2015 kambi ya Leego ilivamiwa na al-Shabaab, na makumi ya Warundi wakapoteza maisha. Mei 2022 ikawa zamu ya kambi ya El Baraf.

Posho ya Somalia na kanuni zake

Pamoja na machungu hayo, safari ya Somalia ilikuwa na jambo moja ambalo familia za askari zililijua vizuri: kanuni zilizoandikwa. Posho ya askari iligharimiwa na Umoja wa Ulaya kwa kiwango cha dola 1,028 kwa mwezi, na serikali ilikata takriban dola 200 kabla ya kumfikia askari. Mwanzoni mwa 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20. Aidha, familia ya askari aliyefia kazini ilistahili fidia ya dola 50,000 chini ya utaratibu wa Umoja wa Afrika. Malipo yalichelewa mara nyingi, na malalamiko hayakukosa. Lakini mjane alijua kiasi anachodai na anamdai nani.

Mwaka 2016 utaratibu huo ulijaribiwa. Umoja wa Ulaya, uliokuwa umesitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali kufuatia mgogoro wa 2015, ulikataa fedha za askari zipitie mikononi mwa serikali. Bujumbura ilitishia kuwaondoa askari wote. Kwa miezi kadhaa posho hazikulipwa, hadi mapema 2017 ulipopatikana muafaka wa kuzipitisha katika benki ya biashara. Mgogoro huo ulionyesha wazi kwamba posho ya askari ilikuwa pia chombo cha sera ya nje, na kwamba nchi ndogo isiyo na mafuta wala bandari ya bahari inaweza kuzungumza kwa sauti kubwa inapokuwa na askari maelfu katika mahali ambapo wengine hawataki kwenda.

AMISOM iligeuka ATMIS Aprili 2022, na Januari 2025 ikaja AUSSOM. Burundi haikuingia katika kikosi hicho kipya, baada ya kutokubaliana na Somalia kuhusu idadi ya askari ambao ingebakisha. Miaka 17 ya Mogadishu ikafungwa. Kufikia wakati huo macho ya jeshi yalikuwa yameshageukia karibu na nyumbani.

Ng'ambo ya ziwa

Kwa serikali ya Burundi, Kivu Kusini ni suala la usalama wa ndani. Milima ya Uvira na Fizi imekuwa maficho ya makundi yenye silaha yanayoipinga, hasa RED-Tabara na tawi la FNL linalojulikana kwa jina la Aloys Nzabampema. Agosti 2022 kikosi cha Burundi kiliingia rasmi Kivu Kusini, kikitajwa kuwa sehemu ya mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi mmoja kabla, Rais Évariste Ndayishimiye alikuwa amechukua uenyekiti wa Jumuiya hiyo, ambayo Kongo ilikuwa imejiunga nayo mwaka huohuo.

Machi 2023 askari wengine wa Burundi walitua Goma ndani ya kikosi cha kikanda, pamoja na Wakenya, Waganda na askari wa Sudan Kusini, wakapelekwa upande wa Masisi. Kikosi hicho cha kikanda hakikudumu. Kinshasa ilikilaumu kwa kutopigana na M23, ikakataa kukiongezea muda, nacho kikaondoka Desemba 2023. Warundi, tofauti na wenzao, walibaki. Walibaki kwa msingi wa makubaliano mengine ya ulinzi kati ya Burundi na Kongo, yaliyotiwa saini Agosti 2023.

Hapa ndipo tofauti na Somalia inapojitokeza. Makubaliano ya nchi mbili hayana Umoja wa Afrika wa kutoa fidia wala Umoja wa Ulaya wa kulipa posho, na masharti yake ya fedha hayakutangazwa hadharani. Mzazi wa Kabezi ambaye kijana wake amepelekwa Masisi hana waraka wa kuusoma ili ajue akifa, akijeruhiwa au akitekwa, familia inastahili nini na inapaswa kubisha mlango gani. Mwaka 2024 mahakama iliyoketi Rutana iliwatia hatiani zaidi ya askari 200 kwa kukataa kwenda kupigana na M23, na wengi walipewa vifungo vya miaka zaidi ya 20. Katika sheria ya kijeshi ya nchi yoyote ile, kukataa amri mbele ya adui ni kosa kubwa. Hata hivyo idadi hiyo si ya kawaida, na inaeleza jambo fulani kuhusu namna askari wenyewe walivyoielewa kazi waliyopewa.

Uhusiano na Rwanda uliharibika sambamba na hayo. Usiku wa Desemba 22, 2023 watu wenye silaha waliwashambulia wakazi wa Vugizo, karibu na Gatumba na mpaka wa Kongo. Serikali ilisema watu 20 waliuawa, wakiwemo watoto 12. RED-Tabara ilikiri kushambulia, ikakana kulenga raia. Rais Ndayishimiye aliituhumu Rwanda kulisaidia kundi hilo, Kigali ikakanusha, na Januari 11, 2024 Burundi ikafunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Mpaka huo ulikuwa umefunguliwa mwaka 2022 tu, baada ya kufungwa kwa miaka kadhaa.

Mwaka 2025 vita vilishuka kutoka kaskazini kuufuata mwambao. M23 iliingia Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Wakongomani zaidi ya 70,000 walivuka kuingia Burundi katika miezi iliyofuata, wengi wakijazana kwanza katika uwanja wa michezo wa Rugombo, Cibitoke, kabla ya kuhamishiwa Musenyi, Rutana. Desemba 4, 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano mjini Washington, Rais Ndayishimiye akiwepo. Siku 6 baadaye M23 ikauteka mji wa Uvira, ulio uso kwa uso na Bujumbura. Wimbi jipya la wakimbizi, zaidi ya 80,000, likaingia Burundi kwa miguu na kwa mitumbwi, hadi Rumonge. M23 ilitangaza kuondoka Uvira katikati ya Desemba kwa shinikizo la Marekani, na majeshi ya Kongo yalirejea mjini Januari 2026.

Kwa mvuvi na mchuuzi wa mwambao, mambo hayo yote yalikuwa na maana moja ya papo hapo: ziwa limekuwa jembamba. Mafuta ya mawese ya Rumonge, ndagala na mikeke, vitenge na sabuni vilivyokuwa vikivuka kila wiki, vilikutana na doria na amri za kufunga. Ongeza juu yake msimu wa kusimamisha uvuvi ambao nchi zinazopakana na ziwa zimekubaliana, wa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei, na maji yaliyopanda hadi kumeza nyumba na vipande vya barabara mwaka 2024. Haihitaji mtaalamu wa uchumi kuelewa kwa nini kijana asiye na mtumbwi wala mchikichi anamsikiliza kwa makini mtu anayemwambia kuhusu Riyadh.

Makubaliano si mkataba

Oktoba 3, 2021, mjini Riyadh, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Albert Shingiro, alitia saini makubaliano mawili na Saudi Arabia: moja kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, jingine kuhusu wafanyakazi wa aina nyingine. Hadi siku hiyo Warundi, hasa wanawake, walikuwa wakienda Ghuba kwa miaka mingi bila mfumo wowote. Wengi walipitia Kenya, Tanzania au Uganda, wakiwa mikononi mwa madalali. Burundi ilikuwa na sheria ya Oktoba 29, 2014 ya kuzuia na kuadhibu biashara haramu ya binadamu, lakini sheria ya Bujumbura haifiki jikoni kwa tajiri wa Jeddah. Makubaliano yalikusudiwa kuziba pengo hilo: mashirika ya ajira yaliyoidhinishwa kwa upande wa Burundi, mfumo wa kielektroniki wa Musaned kwa upande wa Saudia, na serikali mbili zinazoweza kuulizana.

Mwandishi wa makala hii hutafsiri habari kila siku, na kuna neno moja ambalo humtia wasiwasi kila linaporudi. Kiswahili chetu huita "mkataba" vitu viwili tofauti. Ule waliotia saini mawaziri huitwa mkataba. Karatasi anayotia saini msichana mbele ya shirika la ajira nayo huitwa mkataba. Basi anaposema "nina mkataba", jirani husikia kwamba serikali mbili zimemdhamini. Si lazima iwe hivyo. Katika makala hii tunatumia "makubaliano" kwa ile hati ya serikali, na "mkataba" kwa hati ya mtu na mwajiri wake. Makubaliano humlinda yule tu aliyepita katika njia iliyowekwa na makubaliano hayo. Aliyeondoka kwa viza ya matembezi au ya Umra, kisha akaandikiwa karatasi ya kazi baada ya kufika, ana mkataba pengine, lakini makubaliano hayamjui.

Sheria za Saudia zenyewe zinahitaji kuelezwa kidogo, kwa kuwa habari zinazosambaa kwenye simu huzichanganya. Mfanyakazi wa kigeni huko huwa chini ya mdhamini, anayeitwa kafili, na mfumo wenyewe huitwa kafala. Machi 2021 Saudia ililegeza mfumo huo, ikawaruhusu wafanyakazi wa sekta binafsi kubadili mwajiri na kutoka nchini kwa urahisi zaidi. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mageuzi hayo. Wao wana kanuni zao, zilizowekwa mwaka 2013 na kuandikwa upya kwa zile zilizoanza kutumika Oktoba 2024: saa za kazi zisizozidi 10 kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na mwajiri kukatazwa kumtoza mfanyakazi gharama za kumleta. Kuanzia Julai 2024 mishahara ya wafanyakazi wapya wa nyumbani ilianza kulazimishwa kulipwa kwa njia za kielektroniki, ili pawepo ushahidi. Kuzuia pasipoti ya mfanyakazi ni kosa kwa sheria za Saudia.

Kanuni hizo ni nzuri zikisomwa. Ugumu ni kwamba mahali pa kazi ni nyumba ya mtu, na mlango wake hauna mkaguzi. Mfanyakazi akikimbia mateso, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ametoroka, taarifa iitwayo huroob kwa Kiarabu, na kuanzia hapo aliyeonewa ndiye anayetafutwa kwa kukaa nchini kinyume cha sheria. Burundi ina ubalozi Riyadh, na desturi ya kimataifa ya kikonseli inampa raia aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na ubalozi wake. Lakini Saudia ni nchi kubwa. Aliye Dammam au Abha, asiye na simu wala siku ya kupumzika, yuko mbali na mlango huo.

Majirani wamepita njia hiyohiyo. Kenya ilizuia safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Ghuba mwaka 2014, Uganda ikazuia za kwenda Saudia Januari 2016, kila moja baada ya taarifa za mateso, na zote mbili zilifungua tena mwaka 2017. Marufuku hayakuzuia watu kwenda; yaliwafanya waende kwa siri. Kwa maoni yetu, katika hilo Burundi ilichagua vyema kuandikiana na Riyadh badala ya kufunga mlango. Kinachobaki kuulizwa ni kama makubaliano ya 2021 yana watu wa kuyasimamia, huku na huko.

Njia ambazo makubaliano hayafiki

Ghuba si Saudia peke yake. Oman ina mvuto wa pekee kwa Waswahili wa Rumonge, Nyanza-Lac na Buyenzi, kwa sababu Muscat wapo watu wanaozungumza Kiswahili na wenye asili ya Zanzibar na bara, na dini ni moja. Dalali hulitumia hilo: "Utakuwa kama nyumbani." Lakini saini ya Oktoba 2021 ni ya Saudia. Anayekwenda Oman au Kuwait hawezi kuidai.

Kuna njia nyingine iliyofunguliwa na siasa na kufungwa na siasa. Februari 2018 Burundi ilitangaza kufuta utambuzi wake wa Kosovo kama nchi huru, jambo lililoifurahisha Serbia, na Warundi wakaruhusiwa kuingia Belgrade bila viza. Hatua hiyo ya kidiplomasia, iliyopita karibu kimyakimya, iligeuka daraja. Hasa mwaka 2022 vijana waliuza viwanja na kukopa nauli ili kwenda Belgrade, na kutoka hapo wakajaribu kuingia Umoja wa Ulaya, wengi wakilenga Ubelgiji. Umoja wa Ulaya ukaibana Serbia, na Oktoba 2022 viza ikarudishwa kwa Warundi. Waliokuwa njiani walibaki njiani. Hakuna makubaliano ya ajira yaliyowahi kuwepo. Palikuwa na mlango wazi tu.

Na kuna Tanzania, iliyo njia ya zamani kuliko zote. Vurugu za Aprili 29, 1972 zilianza katika ukanda huu wa Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yaliwasukuma maelfu ng'ambo, wakaishia Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia takriban 162,000 kati yao na watoto wao. Waliorudi Rumonge walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine, na kesi za ardhi zimedumu hadi leo. Wazee wa mwambao hawahitaji kuelezwa kwamba anayeondoka bila karatasi anaweza kurudi bila shamba.

Tangu Julai 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi yoyote mwanachama. Watu wengi huamini kwamba itifaki hiyo humruhusu Mrundi kulima kibarua Kasulu au kufungua saluni Kigoma kama mwenyeji. Haimruhusu. Kila nchi iliorodhesha kazi ilizozifungua, na orodha ya Tanzania hulenga zaidi wenye taaluma. Kibali cha kazi kinahitajika. Zaidi ya hayo, Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, zikiwemo kutuma na kupokea pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, udalali na kununua mazao shambani, kwa adhabu ya faini, kifungo na kufutiwa viza. Amri hiyo haikuwatenga wanajumuiya. Mtu wa Rumonge akikamatwa huko, wa kumkimbilia ni ubalozi mdogo wa Burundi ulioko Kigoma au ubalozi ulioko Dar es Salaam. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ipo, lakini kesi yake huchukua miaka, na kibarua hana miaka.

Fedha zinazorudi

Serikali yenyewe haifichi kwamba sera zote mbili zina upande wa fedha za kigeni. Burundi huuza nje kahawa, chai na dhahabu, na bado haipati dola za kutosha kununua mafuta ya petroli. Foleni za vituo vya mafuta zinajulikana kwa kila msomaji. Posho za Somalia zilikuwa mfereji mmoja wa dola. Zilipokauka, fedha zinazotumwa na walio nje zikazidi kuwa muhimu.

Hapa anayetuma hukutana na kizingiti kingine. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ikapanda kwa karibu asilimia 38, kutoka faranga kama 2,090 hadi karibu 2,880. Bei ya mtaani iliendelea kuwa juu zaidi, hata kufika maradufu ya ile rasmi na kupita. Mama anayepokea riyali za binti yake kwa njia halali hupewa faranga kwa bei rasmi, kisha huenda sokoni kununua mchele ulioagizwa kwa dola za mtaani. Hasara hiyo haionekani katika karatasi yoyote, lakini kila anayetuma anaijua. Ndiyo maana fedha nyingi husafiri mifukoni au kwa watu wa kuaminiana. Na mfanyakazi anayeamini mikono ya watu hana risiti siku anapodhulumiwa.

Kwa anayejiandaa kuondoka

Msomaji mwenye ndugu anayeombwa kutia saini anaweza kuanza na maswali machache. Shirika linalomsafirisha limo katika orodha ya yale yaliyoidhinishwa na wizara ya mambo ya nje? Orodha iulizwe wizarani kwenyewe, si kwa dalali. Viza iliyogongwa katika pasipoti ni ya kazi? Mkataba umeandikwa katika lugha anayoisoma, au amesomewa na mtu asiye wa shirika hilo? Jina kamili la mwajiri, mji na nambari ya simu vimeandikwa?

Nakala ya pasipoti, ya viza na ya mkataba zibaki nyumbani, kwa mzazi au kwa mtu anayejua kusoma. Ubalozi unapopokea simu ya mama anayelia kutoka Kabezi, jambo la kwanza unaloulizia ni jina la kafili na nambari ya pasipoti. Bila hayo mawili, kumtafuta mtu mmoja katika mji wa mamilioni hakuna pa kuanzia. Familia ikiamini kwamba ndugu yao ameuzwa au amedanganywa, sheria ya 2014 inaruhusu mashtaka hapa nchini dhidi ya aliyemsafirisha, hata kama kosa lilikamilika ng'ambo. Malalamiko hufikishwa polisi au kwa mwendesha mashtaka, na jumbe za simu alizotuma dalali ni ushahidi: zisifutwe.

Kwa familia za askari walioko Kongo hatuna orodha kama hiyo ya kuwapa. Kanuni za fidia za Umoja wa Afrika zilihusu Somalia na ziliishia huko. Wanaotafuta taarifa za askari aliyejeruhiwa, aliyekufa au asiyejulikana alipo huelekezwa kwenye kikosi alichotokea na wizara ya ulinzi, Bujumbura.